Leza, IPL na taa nyekundu: maswali yenu kuhusu ngozi inayozeeka

Nina miaka 52 na ngozi yangu ni nyeusi. Saluni imenishauri nipigwe mwanga wa IPL usoni kuondoa madoa na mikunjo. Ni salama?

Usikubali kabla hujaonana na daktari wa ngozi. IPL hutoa mimweko mifupi ya mwanga mkali wenye mawimbi ya urefu tofauti, takriban nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 500 hadi 1,200. Mwanga huo hufuata rangi: melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, iliyomo kwenye doa huunyonya, hupata joto, na doa huvunjika. Kwa mtu mweupe joto huishia kwenye doa, kwa kuwa ngozi iliyolizunguka haina melanini nyingi. Kwako wewe melanini imeenea uso mzima, hivyo uso mzima utapata joto. Ndipo yanapotokea malengelenge, na yakikauka huacha mabaka ya mstatili, sawasawa na umbo la kioo cha mashine kilichogusishwa usoni. Mengine huwa meusi zaidi, mengine hupauka, na huweza kukaa miezi mingi. Inaniuma sana, maana madhara haya yanaepukika.

Kwa ngozi nyeusi madaktari wengi huchagua leza ya Nd:YAG ya nanomita 1,064. Melanini hainyonyi sana mwanga wa urefu huo, hivyo joto huingia ndani zaidi na kuiacha ngozi ya juu. Hata hivyo dai ijaribiwe kwanza sehemu ndogo iliyojificha, kama chini ya taya, kisha subirini wiki kadhaa mwone ngozi imepokeaje. Anayekuambia jaribio ni kupoteza muda, muage.

Leza inaondoaje mikunjo?

Kwa kuijeruhi ngozi kwa kipimo. Leza ya kaboni dioksidi, yenye nanomita 10,600, hunyonywa na maji yaliyomo kwenye ngozi, na tabaka la juu huyeyuka kuwa mvuke. Mwili ukitibu jeraha hujenga kolajeni mpya, protini inayoipa ngozi uimara. Tangu 2004 ipo mbinu ya kutoboa vitundu vidogo sana na kuacha ngozi isiyoguswa katikati yake, hivyo kupona kumekuwa kwepesi. Usitarajie sura mpya kesho yake: kolajeni hujengwa kwa miezi.

Barakoa za taa nyekundu za kutumia nyumbani zinafanya kazi?

Kidogo, ndiyo. Taa za LED nyekundu, za nanomita 630 hadi 660 hivi, haziunguzi kama leza, na tafiti ndogo zimeonyesha mikunjo midogo hupungua kiasi kwa anayezitumia mara kadhaa kwa wiki bila kuacha. Mashavu yaliyolegea hazitayanyanyua. Kinga macho. Kama una lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe), melasma (mabaka ya kahawia usoni), au unatumia dawa zinazoifanya ngozi iudhike na mwanga, mfano antibiotiki ya doksisaiklini, muulize daktari kwanza.

Nimeshamaliza leza. Losheni ya kukinga jua nipake hadi lini?

Usiache. Miale ya jua ya UVA, ambayo ni chanzo kikubwa cha mikunjo, hupenya hata kioo cha dirisha, kwa hiyo kukaa ndani hakutoshi. Chagua yenye SPF (kiwango cha kinga dhidi ya jua) 30 au zaidi, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Wenye madoa ya melasma watafute losheni yenye rangi iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa sababu hata mwanga wa kawaida unaoonekana huyakoleza madoa hayo.

Nina doa jeusi shavuni, limekuwa likikua tangu mwaka jana. Lichomwe kwa leza?

Hapana, tafadhali. Doa linalokua, linalobadilika rangi au lenye kingo zisizo sawa linaweza kuwa saratani. Leza italifuta juu na kuacha ugonjwa chini, na daktari atakosa kitu cha kuangalia. Nenda likaguliwe wiki hii, na likitiliwa shaka, likatwe kipande kipelekwe maabara.