Mzee anakonda, unaambiwa "ni umri tu"

Umri huleta mvi, huleta magoti yanayolia na usingizi unaokatika alfajiri. Kushuka kilo 7 ndani ya nusu mwaka ni habari nyingine kabisa. Baba yangu alitoka kilo 68 hadi 61, na kila aliyekuja kumjulia hali alikuwa na maelezo yake. Shangazi alisema ni majonzi ya mama, aliyetangulia mwaka mmoja kabla. Jirani akanong'ona kuhusu mkono wa mtu. Wengine wote: "Jamani, si umri huo? Mwacheni mzee apumzike."

Msimwache. Kwa madaktari, mtu mzima akipoteza asilimia 5 ya uzito wake au zaidi katika miezi 6 hadi 12, bila kukusudia, lazima atafutiwe sababu. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo 3 tu, na kilo 3 huzioni kwa mtu unayekula naye kila siku. Utaona mkanda umetobolewa tundu jipya. Utaona pete inamcheza kidoleni. Mizani ipo kwenye maduka mengi ya dawa, kwa hiyo mpime kila mwezi na uandike.

Sababu yenyewe mara nyingi haiwi moja. Daktari wetu alianza na magonjwa: sukari, wingi wa damu, figo, ini, tezi ya shingo, picha ya kifua kwa ajili ya TB, na VVU. Hicho cha mwisho kilimuudhi shangazi, lakini virusi haviulizi umri. Na TB kwa wazee inaweza kuja bila kikohozi kikali, mtu anadhoofu tu. Zaidi ya kisukari tulichokijua siku nyingi, hakikupatikana kitu.

Ndipo akaomba mfuko wa dawa. Wote, pamoja na mitishamba. Baba alikuwa anatumia metformin, dawa nzuri ya sukari, ila kwa baadhi ya watu hupunguza hamu ya kula na kuleta kichefuchefu, na ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12 mwilini. Dozi ikarekebishwa. (Na daktari, si na sisi. Usimwachishe mzee dawa kwa sababu umesoma mahali, hata kama ni hapa.)

Kisha akamwambia avue meno bandia. Ufizi ulikuwa na kidonda. Kumbe alianza kuacha nyama, akaacha mahindi, akafikia chai na mkate uliochovywa. Hapo kuna mzunguko mbaya: ukikonda, meno bandia yanalegea, yakilegea yanachubua, yakichubua huli, unakonda zaidi.

La tatu lilikuwa sonona. Wanaume wa rika lake hawakuambii "nina huzuni", watakuambia "sijisikii kula". Daktari hakumuuliza kama analia. Alimuuliza kama bado anasikiliza mpira redioni. Alikuwa ameacha. Chakula chake tulikuwa tunakifunika kwa kawa mezani, akila peke yake, wakati miaka yote mama alikaa naye mpaka amalize. Alianza kupata ushauri nasaha, na mjukuu akahamishia sahani yake pale. Nikiulizwa ni kipi kilisaidia zaidi, nitasema sahani ile, ingawa sina namna ya kuthibitisha.

Kuhusu chakula: uji mwembamba hujaza tumbo na kumnyima mtu nafasi ya kula kitu cha maana. Weka maziwa, karanga za kusaga, yai, dagaa waliosagwa, parachichi, kijiko cha mafuta. Apewe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku, na chai ije baada ya chakula. Mzee anahitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo yai la asubuhi peke yake halitoshi. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Zile pakiti za glukosi ambazo wageni hupenda kuja nazo hazijengi misuli, na kwa mwenye kisukari ni balaa. Misuli pia inataka kazi: asimame na kukaa kwenye kiti mara kadhaa, atembee hadi getini.

Kama anapaliwa anapomeza, usimlishe kwa nguvu, chakula kinaweza kuingia mapafuni. Kama amekaa karibu bila kula kwa siku 5 au zaidi, usimjaze chakula kingi kwa mkupuo, kwani madini ya damu kama potasiamu na fosfeti yanaweza kuporomoka ghafla. Hilo linahitaji hospitali. Na akichanganyikiwa ghafla, akipata homa, au ukiona damu kwenye choo, usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo, na mfuko wa dawa mkononi.