Kahawa ya bibi yako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Sisi hatujambo, goti la mama yako limetulia. Unauliza yule rafiki yangu wa Sarajevo, wa kwenye picha ya theluji pale ukutani, alikuwa Mserbia, Mkroati au Mwislamu, maana mwenzako wa kazini huko Vienna amekuuliza ukakosa jibu.

Ngoja kwanza nikuambie habari ya kahawa.

Mwaka 1982 nilikuja likizo. Unajua miaka ile: sabuni foleni, sukari foleni. Niliporudi chuoni Sarajevo nikakuta Yugoslavia, nchi yao ya wakati ule, nayo imebanwa na madeni, kahawa imeadimika madukani, magari yanatembea kwa zamu, leo namba shufwa, kesho witiri. Ndani ya sanduku nilikuwa na kilo tatu za kahawa mbichi ya bibi yako, ya kihamba kile kile ambacho kaka zako wanataka tukiuze. Mama wa rafiki yangu alipoiona, akakaa chini. Akaikaanga kwenye kopo la bati lenye mpini mrefu, akiligeuza-geuza juu ya moto, moshi ukapanda ngazi za jengo zima. Kabla hajamaliza kusaga, majirani walikuwa mlangoni, kila mtu na kikombe chake. Mzee wa ghorofa ya pili, mstaafu wa reli, alinusa kikombe muda mrefu kuliko alivyokunywa. Hapakuwa na familia mbili za asili moja kwenye ngazi zile.

Hakuna anayelala jirani akaamka adui. Kuna anayemwamsha. Najua, nimeshasema, mama yako ataniambia nibadilishe kanda. Lakini ndivyo. Milošević, kiongozi wa Serbia, alikwenda Kosovo mwaka 1989 kuwahutubia watu kuhusu vita ya mwaka 1389! Miaka mia sita. Na Zagreb, kwa Wakroati, nako walikuwa na wa kwao.

Ila Milošević hakupanda mwenyewe mlima Trebević, ulio juu ya Sarajevo, kupiga mizinga mjini. Waliopanda wengine walikuwa wa mji ule ule. Kwa hiyo labda nami najifariji tu.

Na nikikuambia hatukuwa tukijua nani ni nani, nitakuwa nakudanganya. Tulijua, majina yalitosha. Kwenye sensa ya 1981 rafiki yangu alijiandikisha Myugoslavia, kama wenzake zaidi ya milioni moja. Mama yake akamcheka: "Hiyo ni pasipoti, si kabila." Basi mjibu mwenzako hivyo, Myugoslavia. Katiba ya Bosnia waliyopewa kwenye mapatano ya amani ya Dayton mwaka 1995 inawataja Wabosniaki, yaani Waislamu wa Bosnia, Wakroati na Waserbia, halafu kuna "wengineo". Kama yu hai, sijui walimweka wapi.

Machi 1992 aliniandikia. Alisema vita haitafika Sarajevo, watu wamechanganyika mno. Lakini chini kabisa, kwa kalamu nyingine, akauliza kama ningeweza kuwapokea yeye na watoto "kwa miezi miwili mitatu". Wewe ulikuwa mchanga, mshahara umechelewa, nyumba ya vyumba viwili. Nikamwambia mama yako nitajibu nikipata hela. Nilijibu Mei. Mji ulikuwa umezingirwa tangu Aprili, na haukufunguliwa hadi Februari 1996. Baadaye nikasoma kwamba watu walikata miti ya mjini wapate kuni. Miti ile ya bustanini ndiyo tuliyojifunzia kupima kipenyo, yeye anashika utepe, mimi naandika.

Unataka niseme kosa ni la nani. Kwa Srebrenica sina kigugumizi: waliuawa wanaume na vijana zaidi ya 8,000, Julai 1995, na majaji wa mahakama ya The Hague walishataja wahusika. Lakini kwa wale wa kwenye ngazi, nani alimfungia nani mlango... ninalo la kusema, tena liko hapa mdomoni. Liache kwanza.

Barua yangu ilirudi. Imo kwenye sanduku la bati chini ya vyeti vyangu, ina mhuri wa posta juu ya jina lake. Ukija Desemba usimwulize mama yako habari zake, niulize mimi.

Baba yako