Wadogo zetu wa PHP, jina likaguliwe kama dola

Kila staji ikianza hapa Lubumbashi, mstari uleule wa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, unarudi: `$_GET['kitendo']();`. Unachukua jina lililoandikwa kwenye anwani ya ukurasa na kuita fonksyo (kipande cha kodi) yenye jina hilo. Mnaupenda kwa sababu unafuta `switch` ndefu na kwenye mashine yenu unatembea vizuri. Haya, kaeni.

1. Mabano ndiyo yanayoita. `$f = 'lipa'; $f(500);` ni sawa na `lipa(500)`. `echo`, `isset`, `unset` na `include` haziitiki hivyo, si fonksyo.

2. Sasa lile kosa. Tuungame pamoja, maana hata wakubwa wamelipitia. Programu ya minerval (karo ya shule) inangoja `?kitendo=risiti`. Mjanja anaandika `?kitendo=phpinfo`, na ukurasa unaanika toleo la PHP, njia za mafaili, pengine hata nywila zilizowekwa kwenye mazingira ya seva. Mwingine kaongeza ufundi: `call_user_func($_GET['f'], $_GET['a'])`. Hapo `f` inakuwa `system`, `a` inakuwa amri yoyote, na kama mwenye seva hakuizima `system`, nyumba imepata baba mwingine.

Mkiambiwa, mnakimbilia `function_exists()`. Jamani! `system` si ipo? Basi itajibu ndiyo, na `is_callable()` vilevile. Zinauliza kama mgeni yupo mlangoni, haziulizi nani kamwalika. Kubandika `kitendo_` mbele ya jina kunapunguza balaa, lakini `kitendo_futa_mwanafunzi` nayo imefunguka kwa kila mtu.

Mbadilisha pesa wa barabarani hapokei noti ya dola eti kwa sababu ni karatasi. Anaigeuza, anaitazama kwenye mwanga. Ikichanika kidogo tu, anakurudishia. Fanyeni hivyo, kwa tablo (orodha) ya majina yaliyoruhusiwa:

```
$ruhusa = ['risiti' => 'chapa_risiti',
           'deni'   => 'onyesha_deni'];
$k = $_GET['kitendo'] ?? '';
if (!is_string($k) || !isset($ruhusa[$k])) {
    http_response_code(404);
    exit;
}
$ruhusa[$k]();
```

`is_string` si pambo. Mtu akiandika `?kitendo[]=x`, `$k` inakuwa tablo, na PHP 8 inatupa `TypeError` (kosa la aina ya data) kwenye `isset`. Na tablo ya `$ruhusa` haimtambui aliyeingia: haki ya kufuta bado mnaikagua ndani ya fonksyo.

3. Ndani ya namespace (eneo la majina) `App`, jina `'lipa'` likiwa maandishi linatafutwa nje ya `App`. Andikeni `'App\lipa'`, kwa alama moja ya nukuu. Mkiweka `"App\nunua"` kwa nukuu mbili, ile `\n` inageuka mstari mpya, na asubuhi nzima mtatafuta fonksyo iliyo mbele ya macho yenu.

4. Closure (fonksyo isiyo na jina) iliyo kwenye mali ya klasi inaitwa hivi: `($this->kazi)()`. Bila mabano ya kwanza, PHP inatafuta metodi (fonksyo ya klasi) yenye jina `kazi`.

5. `call_user_func` haipitishi kwa rejeleo, yaani fonksyo inapata nakala tu: `$jumla` iliyotakiwa kubadilishwa itabaki ilivyokuwa, na onyo juu. Iteni `$f($jumla)`. Na tangu PHP 8.0, funguo za maandishi kwenye `call_user_func_array`, inayopokea vigezo vyote kwa tablo moja, ni majina ya vigezo. Mstari uliotoka kwenye database upitisheni `array_values()` kwanza, ili funguo hizo ziondoke.

6. Mkiwa na PHP 8.1, wekeni `chapa_risiti(...)` badala ya `'chapa_risiti'`. Jina la maandishi kihariri hakilioni kama matumizi, kwa hiyo mwenzenu anayesafisha faili ataifuta fonksyo akidhani haina kazi. Kwa nukta tatu, fonksyo ikifutwa, PHP itapiga kelele mara tu ombi la kwanza linapojenga tablo, bila kungoja mzazi aje kudai risiti.