Barua kwa Mwanangu: Treni ya Tunu na Laki Nne za Mpambaji

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama laki nne anazotaka yule mpambaji ni bei ya haki au anakupiga. Tunu anatimiza miaka minane na anataka sherehe ya treni. Tangu mlipompeleka Morogoro kwa treni ya mwendokasi hana habari nyingine. Bei za wapambaji mimi sizijui, na nikizijua nitapandisha presha bure. Ninachotaka kujua ni kitu kingine: hiyo treni itakuwa ya nani?

Unanijua. Mtoto mpe uamuzi, usimpe kazi tu. Wimbo huo mmeusikia tangu wadogo, wewe na Salimu, mpaka mkawa mnaniigiza nyuma ya mlango. Kumpa mtoto mkasi na kumwambia "kata hapa" ni sawa na kumtuma dukani chumvi. Muulize treni yenu itasimama vituo vingapi, uone atakavyokaa kimya anawaza.

Basi anzieni kwenye vituo. Reli mpya toka Dar mpaka Morogoro ina stesheni sita: Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro. Kila stesheni iwe mchezo au kazi ya mikono, na Tunu ndiye apange wapi kuna nini. Akimaliza, mwekee saa mezani. Watoto wa umri huo saa mbili zikipita wanaanza kusukumana na kulia. Mchezo mmoja wa watoto kumi na wawili, ukijumlisha kupangana na kugombana nani atangulie, unakula dakika ishirini. Mara sita, saa mbili zimekwisha na keki haijakatwa. Mwambie hesabu imegoma, achague vituo viwili ambavyo treni itapita bila kusimama. Usimchagulie. Atanuna, mwache anune. Kuacha kitu unachokipenda ili vilivyobaki vikae vizuri ndiko kugumu kuliko kupaka rangi, na watu wazima wengi hawajakuweza.

Mimi ningebakiza Ruvu. (Umeona? Tayari namchagulia.) Maji mengi ya bomba ya mjini yanatoka Mto Ruvu, kwa hiyo mchezo wake ni wa maji: makundi mawili, kila kundi ndoo moja, kikombe cha plastiki kilichotobolewa chini, na upande wa pili chupa tupu ya lita moja na nusu. Wanaojaza kwanza wameshinda. Tundu litobolewe kwa msumari mwembamba. Likizidi, mtoto anafika na kikombe kitupu, na mchezo unageuka ugomvi. Kituo cha kwanza kiwe cha kupamba kofia na kuandika tiketi, kwa sababu kadi ikisema saa tisa, nusu ya wageni watafika saa kumi kasoro wakilaumu foleni. Kazi ya kofia, aliyechelewa anaingilia popote. Mchezo wa makundi ukiuweka mwanzo, kila anayeingia getini anavuruga hesabu.

Sasa kichwa cha treni. Bila shaka atataka mchongoko, ile treni yenye pua iliyochongoka, na pua hiyo ndiyo inayoshinda watu. Gundi usinunue. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, koroga na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe, mimina kwenye vikombe vitatu vya maji yanayochemka, koroga dakika tatu hivi, kisha tia kijiko cha chumvi kuchelewesha ukungu. Kwenye jiko uwe wewe. Ikipoa ni yake. Gazeti achane kwa mkono, vipande vya upana wa sentimita tatu. Kingo za kuchanika zinalala, za mkasi zinaacha ngazi ambazo rangi haifichi. Abandike kwenye nusu ya puto kubwa, ile nusu ya kichwani, tabaka nne, kila siku moja.

Kila siku moja, Rehema. Wengi wanabandika zote jioni moja wamalize. Hewa ya Dar ina unyevu: juu panakauka, ndani panabaki pabichi, na siku ya tatu unaona madoa ya kijivu na harufu ya unga uliochacha. Wakistuka wanaanika juani, hewa ya ndani inapanuka, puto linapasuka kabla ganda halijakaza, pua inabonyea. Liningʼinizeni kivulini penye upepo, au mbele ya feni umeme ukiwepo. Tabaka la mwisho likikauka, toboa puto, piga rangi nyeupe kwanza kufuta maandishi ya gazeti, ndipo rangi anayoitaka. Jipeni siku kumi.

Mabehewa ni maboksi. Muombe mwenye duka la jumla kabla hajayachana. Ukilichungulia boksi ukingoni utaona mifereji midogo ndani yake. Kunja kwa kufuata mifereji, linakunjika wima bila shida. Ukikunja kwa kuikata, linavunjika ovyo na ukuta haunyooki. Tunu achore mstari kwa rula, wewe ukate kwa wembe wa fundi. Ndiyo, asikate. Nasema mpe uamuzi, sijasema mpe wembe. Kila behewa litobolewe juu na chini, mtoto alivae kwa kamba mbili mabegani. Kamba ipite kwenye tundu lililobandikwa selotepu pande zote, la sivyo itachana boksi kabla ya Pugu.

Reli mchoreni uani kwa chaki. Upana halisi wa reli mpya ni milimita 1,435 kati ya chuma na chuma, na ile ya zamani ni 1,000. Agawanye kwa kumi, achore zote mbili sambamba. Atagundua treni yake ya maboksi haiwezi kukaa juu ya reli hiyo. Vizuri sana. Aamue mwenyewe: anapanua reli, au reli inabaki ya kuangalia tu?

Unakumbuka pantoni uliyoitengeneza kwa sherehe yako ya utotoni pale Mtoni? Geti la kuzunguka ulilitengeneza kwa mipini miwili ya ufagio, nauli kifuniko kimoja cha soda, na bahari ilikuwa kanga mbili za bluu za mama yako zimefungwa mwembeni, zimepinda upande. Sikuzigusa. Halafu shangazi yako akaja toka Upanga na maua yake ya plastiki, akafungua bahari yako, akaikunja, akaiweka juu ya ndoo, akasema "sasa pamependeza." Hukusema neno. Mpaka leo nikiyaona yale maua kwenye picha, moyo unaniuma. Lakini geti hakuligusa! Alipotaka kwenda kwenye keki ukamnyooshea mkono: nauli. Hana kifuniko. "Abiria asiye na nauli asubiri pantoni inayofuata." Mjumbe wa nyumba kumi amepanga foleni na kifuniko chake, shangazi yako kasimama pembeni na hereni zake. Nacheka mwenyewe hapa naandika, mama yako ananiuliza kuna nini.

Sasa nijipinge kidogo. Shangazi yako hakuwa na nia mbaya, na kusema haki bahari ilikuwa imepinda kweli. Watoto wa shule anayosoma Tunu wamezoea makumbi yenye matao ya maputo. Je, wakiicheka pua ya gazeti? Watoto wana maneno. Labda mpambaji anamkinga na aibu hiyo. Halafu najiuliza, tao la maputo watoto wanalichezea dakika ngapi? Wanapigwa picha, basi. Kwenye geti lako walipita mpaka vifuniko vikaisha, wakaanza kulipa kwa majani ya mwembe. Sijui. Mimi nilikuwa fundi wa Keko, ninayapendelea ya mikono.

Chakula usikihangaikie sana. Kashata za nazi zikatwe vijiti virefu, zipangwe kwenye sinia ziwe mataruma ya reli: vikombe viwili vya sukari, viwili vya nazi iliyokunwa, nusu kikombe cha maji, hiliki. Zikatwe zingali za moto. Zikipoa zinavunjika hovyo na taruma halipatikani. Tunu apime na kupanga, moto ni wako. Krimu ya keki ipakwe dakika za mwisho, maana mchana wa Dar inateremka. Na funika kila kitu kwa kawa, kunguru wa huko kwenu nawajua.

Kuhusu laki nne, sisemi. Ulimi unaniwasha lakini sisemi. Pesa ni yako na mkwe wangu, na nyumba ni yenu. Ila kama utamwita mpambaji, akae kwanza na Tunu, sio na wewe, na Tunu amwonyeshe mchoro wake. Akikataa kukaa na mtoto, basi... nimesema sisemi.

Nipimie upana wa mlango wa sebuleni, na wa geti. Mkitengenezea kichwa ndani, kikazidi mlango hata sentimita mbili, mtalazimika kukibonyeza na pua itapasuka. Mpeni Tunu futi, apime yeye, anitumie namba kwa simu yako.

Mama yako anakusalimu. Anasema kanga za bluu bado zipo.

Baba yako