Tandu watatu kwenye chupa: nianzie wapi kuwatambua?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari, wilaya ya Sikonge, Tabora. Wanafunzi wameniletea tandu watatu. Wa kwanza ni mnene, anazidi urefu wa kiganja, kichwa chekundu na miguu ya njano. Alikuwa chini ya gogo karibu na mizinga ya nyuki. Wa pili ni wa njano, mwembamba sana, ametoka kwenye tuta la viazi. Wa tatu ana miguu mirefu, tulimkuta akikimbia ukutani stoo. Yule mkubwa tumemhesabu miguu: kundi moja limepata jozi 20, jingine 21, jingine 22. Nani kapatia? Spishi yake nitaijuaje? Na wazee wa hapa wanasema sumu yake iko mkiani. Ni kweli?

JIBU: Mwalimu, hata kabla sijamwona mnyama mwenyewe, nawapa alama waliopata 21. Tandu aliyekomaa huwa na jozi za miguu zisizogawanyika kwa mbili: 15, 21, 23 na kuendelea. Kwa hiyo 20 na 22 zifute ubaoni. (Wape na hili wakune vichwa: pamoja na sifa yote ya miguu mia, tandu mwenye miguu 100 kamili hatarajiwi, maana hizo zingekuwa jozi 50.)

Waliopata 22 nadhani wamejumlisha kucha za sumu. Ni jozi ya kwanza ya miguu iliyogeuka silaha. Imekunjwa chini ya kichwa na haiingii kwenye hesabu. Waliopata 20 wameacha jozi ya mwisho, ile inayoburutwa nyuma. Hiyo ni miguu, ihesabuni. Hapo hapo ndipo lilipo jibu la wazee: miguu ya nyuma hushika na kubana, ndiyo maana inashukiwa, lakini sumu inatoka kwenye zile kucha za mbele. Mguu ukiwa umekatika, hesabu kishina chake.

Sasa makundi. Tandu wanaoishi leo wamegawanywa katika oda tano, yaani makundi makuu matano. Mmoja mwondoe kabisa, Craterostigmomorpha, maana anapatikana Tasmania na New Zealand tu. Yule wa ukutani, mwenye miguu mirefu jozi 15, ni Scutigeromorpha; matundu yake ya kupumulia yako mgongoni katikati, si ubavuni kama ya wenzake. Lithobiomorpha nao wana jozi 15, lakini miguu yao ni mifupi. Wa kwenye tuta ni Geophilomorpha: hana macho, vipapasio vyake vina pingili 14 daima, na jozi zake za miguu zinaweza kuwa kuanzia 27 hadi 191. Kwake huyo, msishangae wawili wa spishi moja wakitofautiana idadi. Jike kwa kawaida humzidi dume.

Wa gogoni ni Scolopendromorpha, na kwake ndiko kazi iliko. Kwanza sahau rangi. Najua kichwa chekundu na miguu ya njano vinavutia, na picha za simu zinazotumwa kuulizwa jina karibu zote zimepigwa kwa ajili ya rangi, lakini spishi moja, Scolopendra morsitans, ina rangi nyingi kiasi kwamba ukiwapanga kumi mezani utaapa ni spishi tatu. Chukua lenzi ya mkono uangalie macho. Akiwa na vijicho vinne kila upande wa kichwa, yuko katika familia ya Scolopendridae. Akiwa hana macho na jozi ni 21, mshuku Cryptops, hasa kama miguu ya nyuma ina meno ya msumeno. Akiwa hana macho na jozi ni 23, hiyo ni familia nyingine, Scolopocryptopidae.

Kwa ukubwa unaousema, nategemea utaona macho. Basi mgeuze ubavu, uhesabu pingili kuanzia ile yenye jozi ya kwanza ya miguu ya kutembelea, hadi ya saba. Scolopendra hana tundu la kupumulia kwenye pingili ya saba; matundu yake yako kwenye ya 3, 5, 8, kisha 10 na kuendelea kwa kuruka moja moja hadi 20, nayo yana umbo la mwanya. Ethmostigmus na Rhysida, jenasi nyingine za familia hiyo hiyo, wanalo la saba, na matundu yao ni ya mviringo. Scolopendra morsitans na Ethmostigmus trigonopodus wote wameenea sana Afrika na wote wapo Tanzania, hivyo nao ndio washukiwa wangu wa kwanza. Kama miguu ya nyuma ni mipana na bapa kama jani, acha yote niliyosema: huyo ni Alipes, ambaye huitikisa ikatoa sauti.

Kufika kwenye spishi kunadai zaidi: idadi ya pingili za vipapasio na ngapi za mwanzo hazina vinyweleo, meno ya kwenye bamba lililo kati ya kucha za sumu, na miiba ya paja la mguu wa mwisho. Hayo huonekana vizuri kwa hadubini.

Wahifadhi kwenye alkoholi ya asilimia 70 hadi 80, kila mmoja chupa yake. Fomalini huwakakamaza na kuharibu DNA. Gongo nayo usijaribu, nguvu yake haijulikani. Ndani ya chupa tia karatasi iliyoandikwa kwa penseli: kijiji, tarehe, aliyemkamata, na kwamba alikuwa chini ya gogo. Wanafunzi wasimshike kwa mkono akiwa hai, watumie kibano kirefu. Akimuuma mtu, maumivu ni makali lakini kwa kawaida hayaui. Maji ya moto yanayovumilika husaidia, na akivimba uso au kukosa pumzi, hospitali mara moja.

Picha nitakazohitaji ni tatu: kichwa kwa chini, ubavu kuanzia pingili ya kwanza hadi ya kumi, na miguu ya nyuma kwa juu na kwa chini, rula ikiwa pembeni. Ya mgongo mzima si lazima.