Uliza Ujibiwe: Debian Ndani ya Simu ya Android

Barua tatu kati ya zilizotufikia zinahusu jambo moja, yaani kuendesha Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ndani ya simu ya Android, nami nimeamua kuzijibu kwa pamoja. Jibu la kwanza ni refu kwa sababu mawili yanayofuata yanalitegemea.

SWALI: Mhariri, pokea salamu. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya teknolojia ya habari. Kipakatalishi changu kimekufa, na fundi wa Luthuli Avenue ameniambia kwamba gharama ya kukitengeneza inakaribia bei ya kununua kingine kilichotumika. Nina simu ya Android yenye RAM ya gigabaiti 6. Wenzangu wanasema ninaweza kuweka Linux kamili, yenye madirisha na kipanya, ndani ya simu hiyo. Je, ni kweli, au nitaipoteza simu pia? (Mwanafunzi, Kayole)

JIBU: Ni kweli, na simu yako itabaki salama, kwa kuwa njia nitakayokueleza haigusi mfumo wa Android wenyewe. Nakuomba lakini uelewe kwanza kinachotendeka, maana wengi hunakili amri bila kuzielewa, na siku mambo yanapokwama hawajui pa kushika.

Android, tangu simu yake ya kwanza ya mwaka 2008, imejengwa juu ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ile ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Kinachoitofautisha na kompyuta ya Linux ni vile vilivyowekwa juu ya kerneli hiyo: mpangilio wake wa folda, ulinzi wake, na maktaba yake ya C (msimbo wa msingi ambao programu huutegemea) iitwayo Bionic, ambayo si sawa na glibc inayotumiwa na Debian. Ndiyo sababu huwezi kuchukua programu ya Debian ukaidondosha tu kwenye simu ikakubali kufanya kazi. Hata hivyo, kerneli tayari unayo. Ulichopungukiwa ni hivyo vingine vyote, na hivyo vinaweza kuletwa vikapewa chumba ndani ya simu.

Chumba hicho ni programu ya Termux, inayokupa dirisha la kuandikia amri, na msimamizi wake ni programu nyingine iitwayo PRoot. Debian inapotaka kufungua faili, tuseme /etc/passwd, PRoot hulidaka ombi hilo kabla halijatekelezwa na kerneli, huigeuza anwani iwe ya folda iliyo ndani ya Termux, kisha huliachilia liendelee. Debian huamini kwamba nyumba nzima ni yake, ilhali ni mpangaji wa chumba kimoja. Hata ukiona umeandikiwa kwamba wewe ni root, yaani mwenye mamlaka yote juu ya mfumo, hilo ni jina tu ulilopewa mle ndani. Kwa kerneli ungali programu ya kawaida kama nyingine yoyote, na hapo ndipo usalama wa simu yako ulipo.

Udakaji huo una gharama yake. Kazi ya mahesabu matupu haipungui kasi kwa kiasi cha kukusumbua, lakini kazi inayofungua maelfu ya faili ndogo ndogo, kama kusakinisha vifurushi au kuugeuza msimbo wa mradi mkubwa kuwa programu (compile), huenda polepole. Uvumilie ucheleweshaji huo mdogo, kwa sababu njia mbadala ya kasi zaidi, yaani chroot, inakudai uiruti simu, yaani ujipe mamlaka ya root halisi, na simwambii mtu yeyote anayetegemea simu moja kwa pesa na kwa masomo airuti. Programu nyingi za benki hukataa kufunguka kwenye simu ya namna hiyo, na kama simu ungali unailipia mkopo, unaweza kujikuta umevunja mkataba.

Kabla ya yote, hakikisha una nafasi ya kutosha. Mimi hupendekeza gigabaiti 10 zilizo wazi. Pakua Termux kutoka F-Droid, duka la programu huria za Android. Usichanganye Termux ya chanzo kimoja na viongezi vyake vya chanzo kingine, kwa kuwa saini zake hutofautiana na Android itavikataa. Andika uname -m: jibu likiwa aarch64, mambo ni mazuri, likiwa armv7l au armv8l, mfumo unaoutumia ni wa biti 32 na utakosa programu nyingi. Kisha endelea na pkg update, pkg install proot-distro, proot-distro install debian, na mwisho proot-distro login debian. Ukishaingia, andika apt update na apt install xfce4. Nimekutajia XFCE, yaani eneokazi lenye madirisha, kwa makusudi: ni nyepesi, tena haiitegemei systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma za Linux) kwa kiasi ambacho eneokazi jingine, GNOME, linaitegemea, na systemd haiwezi kuanza ndani ya PRoot. Fanya upakuaji huu kwa Wi-Fi ya chuo, usiuanze kwa bando la siku.

Ili uyaone madirisha, tumia programu ya Termux:X11 kwenye skrini ya simu yenyewe, au seva ya VNC, inayoonyesha skrini hiyo kwenye kifaa kingine, ukiwa na kompyuta nyingine iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo. Wengi hukimbilia kununua waya wa HDMI, na hapo hupoteza pesa zao, kwa sababu simu nyingi za bei nafuu hazitoi picha kupitia tundu la USB-C. Anza na kibodi na kipanya vya Bluetooth.

Kwa masomo yako utapata Python, C, Java, PHP, MariaDB na LibreOffice. MariaDB utaiwasha mwenyewe kila mara, na seva yako ya wavuti uipe mlango (port) wa 8080 badala ya 80, kwa kuwa milango iliyo chini ya 1024 imehifadhiwa kwa root halisi. Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya makontena, haitakubali. Android Studio nayo haitolewi kwa Linux ya prosesa za ARM, basi usipoteze usiku wako kuitafuta.

SWALI: Niliweka Debian kama mlivyowahi kueleza, ikafunguka vizuri. Lakini kila baada ya dakika chache madirisha yote hutoweka na Termux huniandikia "signal 9". Nimeifuta Termux na kuiweka upya mara tatu. Simu yangu ni ya Android 14. (Mwalimu wa sekondari, Umoja)

JIBU: Mwalimu, hujakosea popote katika usakinishaji wako. Kuanzia Android 12, mfumo huihesabu michakato tanzu ambayo programu zimeianzisha, na ikizidi 32 kwa simu nzima huanza kuiua, na "signal 9" ndiyo alama ya kuuawa huko. Eneokazi la XFCE pamoja na kivinjari hufikia idadi hiyo upesi sana. Kwenye Android 14, fungua mipangilio ya wasanidi programu, tafuta kipengele kilichoandikwa "Disable child process restrictions", ukiwashe, kisha uzime simu na kuiwasha tena. Pia iondolee Termux vizuizi vya kuokoa betri.

Lililonihuzunisha katika barua yako ni kule kuifuta Termux mara tatu. Debian yote, pamoja na kila ulichoandika ndani yake, imo katika folda ya faragha ya Termux, na Android huifuta folda hiyo mara tu programu inapoondolewa. Mimi mwenyewe nilipoteza tafsiri ya miezi miwili kwa namna hiyo hiyo. Tangu hapo, kwanza huandika termux-setup-storage ili niifikie hifadhi ya kawaida ya simu, na kila jioni hunakili kazi yangu huko. Tafadhali fanya hivyo leo, kabla hujagusa mpangilio wowote.

SWALI: Kijana wangu wa kidato cha tatu anataka tumnunulie simu ya Pixel, akidai ina Linux yake rasmi na kwamba Termux imepitwa na wakati. Je, anasema kweli? (Mzazi, Lang'ata)

JIBU: Sehemu ya kwanza ni kweli. Mnamo Machi 2025 Google ilizipa simu za Pixel zenye Android 15 programu ya terminali inayoendesha Debian ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya simu. Mashine hiyo ina kerneli yake yenyewe, kwa hiyo hakuna PRoot ya kudaka maombi, wala systemd haina kizuizi. Ni ujenzi bora kuliko huu wetu wa mpangaji na chumba, nami naufurahia kwa dhati. Hata hivyo, ilipotolewa ilikuwa ya mstari wa amri tu, bila madirisha, na mashine pepe hujitengea sehemu ya RAM.

Sehemu ya pili sikubaliani nayo. Mtoto wa kidato cha tatu anayejifunza Python na amri za Linux atapata karibu yote anayoyahitaji katika Termux kwenye simu mliyo nayo nyumbani. Mnunulieni kibodi, mmpe muda wa likizo nzima. Siku atakapokuja kukueleza kwa ufasaha ni kazi gani hasa PRoot imemkatalia, na kwa nini, hapo mzungumzie kifaa kipya, na huenda kipakatalishi kilichotumika kikamfaa kuliko hiyo Pixel.