Maswali yenu: krankishafti ya Model T

Nikibalansi (nikisawazisha uzito wa) krankishafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ya gari langu la zamani la Ford Model T, naweza kukimbiza gari maili 60 kwa saa?

Hapana.

Mbona shafti hizi hukatika, na chuma chake cha vanadi kinasifiwa kote?

Chuma hakina kosa, ndugu yangu. Tazama umbo: silinda 4, beringi kuu 3 tu, shingo (sehemu za duara zinazozunguka ndani ya beringi) nyembamba za inchi 1 na robo. Shingo za konrodi (mkono unaounga pistoni na shafti) ya 2 na ya 3 ziko upande mmoja, beringi ya kati ipo katikati yao, basi zote mbili huivuta pamoja, na hakuna vizito vya kusawazisha. Injini ilikusudiwa nguvu farasi 20 kwa mizunguko 1,600 kwa dakika. Ukiuongeza mzunguko mara mbili, mvuto huo unakuwa mara nne. Shafti inapinda na kurudi, inapinda na kurudi, mpaka ipate ufa.

Fundi amesaga shingo, zinang'aa kama kioo. Nifunge injini?

Kona umeziangalia? Nimeshaandika hili mpaka nimechoka. Pale shingo inapokutana na shavu (bapa linaloiunga na shingo ya pili) lazima pawe na mviringo laini. Jiwe la kusagia lenye ncha kali huacha kona ya mraba, na ufa huanzia hapo hapo. Afadhali shafti iliyochakaa kuliko hiyo inayong'aa. Ioshe, iloweke kwenye mafuta ya taa, ifute ikauke, halafu ipake unga wa chaki: penye ufa mafuta yatajichora mstari. Ufa mwembamba sana unataka kipimo cha sumaku. Haya yote ni kabla ya kulipia balansi, si baada ya kulipa.

Kwa ajili ya balansi, nipime uzito wa pistoni tu, au na konrodi?

Zote. Konrodi pima kila ncha peke yake, kisha punguza iliyo nzito. Flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa shafti, nayo ipelekwe kwa fundi: imebeba sumaku 16, na wengi wenu mnaiacha nyumbani.

Bado kuna mtetemo. Fundi kaniibia?

Si lazima. Silinda 4 za mstari mmoja hutetema mara mbili kila mzunguko, na hakuna kizito cha krankishafti kinachouondoa mtetemo huo. Mhandisi Lanchester wa Uingereza aliutibu kwa shafti mbili ndogo zinazozunguka kinyume kwa kasi maradufu. Ford hakujisumbua.

Shafti ya Model A, gari la Ford lililofuata T, inaingia kwenye bloku ya T?

Inaingia, ukikubali kuikereza bloku. Ila niambie kwanza utasimamaje: breki ya kanyagio ya T inabana ndani ya giaboksi, si kwenye magurudumu.